Shangazi, kisima cha mabibi zetu tukichimbe zaidi au tukifukue tu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi kijiji kimoja njia ya Pangani, ukitoka Tanga mjini ukishaipita Tongoni na yale mashamba ya mkonge. Kwetu kuna kisima cha zamani kimejengwa kwa mawe ya matumbawe, bibi yangu anasema hata bibi yake alikikuta. Maji yake yalikuwa matamu, watu walikuwa wanatoka vijiji vya pili kuja kuchota. Lilipokuja bomba watu wakakiacha, watoto wakawa wanatupia mawe, wengine wakatupa takataka, mpaka leo kimejaa matope na mti umeota ukutani. Saivi bomba linatoka siku mbili kwa wiki, siku zingine tunanunua kwa wenye mikokoteni, na kina mama ndio wanaohangaika.

Mwezi uliopita vijana tulifungua grupu la WhatsApp tukaanza kuchanga ili tukifufue. Sasa ndo shida imeanza. Vijana wanataka tuchimbe chini mita tatu zaidi alafu tuweke pampu ya petroli. Wazee wanasema hamna mtu kuingia na viatu wala kuanza kazi kabla ya kisomo, wenzangu wanaona hayo ni mambo ya kale. Alafu kuna baba mmoja ana nyumba ya wageni karibu, kasema atalipia kila kitu peke yake, ila avute bomba mpaka kwake. Wengi wameshamkubali. Shangazi tuanzie wapi na huyu baba tumjibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, marahaba sana. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara ya tatu nikaiweka pembeni kwanza mana ilinirudisha Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwa bibi yangu mzaa mama, ambako tulikuwa na kisima kama hicho na asubuhi kabla ya jua unasikia ndoo zinagonga mawe ndo unajua kumekucha.

Nianze na wazee, mana naona vijana wamewaweka mwisho. Sisi kwa bibi ukifika kisimani unavua viatu pale kwenye mkwaju, hatua kama ishirini kabla, na hukuruhusiwa kufua hapo wala kuchovya kata yako ya nyumbani, kulikuwa na ndoo moja na kamba moja ya watu wote inayoning'inia. Tuliambiwa mwenye kisima atakasirika. Mimi nilipokuwa mkubwa nikakaa na wauguzi na mabwana afya nikasikia wanafundisha vilevile, kwamba uchafu wa kisima unaingia kwa nyayo za watu na ndoo za kila mtu na maji ya kufulia yanayorudi chini. Kwaiyo mwanangu mkiwaambia wazee hayo ni ya kale mtakuwa mmetupa sheria za usafi zilizokilinda kisima miaka yote hiyo, na mkishazitupa itabidi mtunge zingine ambazo hakuna atakayeziogopa. Fanyeni kisomo. Pikeni uji, chinjeni kuku kama mna uwezo, ubani ufukizwe, mashekhe wasome, watoto wale. Siku hiyohiyo ndo mtangaze na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, mana watu wote mtakuwa nao hapo na hakuna atakayesema hakuambiwa.

Sasa hizo mita tatu. Hapana, hapana kabisa, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pengine pote. Nyie mko pwani. Maji matamu ya kisima chenu ni mvua iliyozama mchangani na kwenye mawe, na chini yake kuna maji ya bahari yaliyoingia ardhini. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi kwaiyo yanaelea juu yake, kama mafuta ya nazi yanavyokaa juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wana hesabu yao wanayoitumia kwa pwani, kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Geuza hesabu uone. Mkivuta kwa nguvu mpaka maji yakashuka nusu mita tu na yakabaki hapohapo chini, ile chumvi huko chini inaweza ikapanda taratibu mpaka mita 20. Mita 20! Na wewe hapo umeongeza mita tatu kuifuata mwenyewe. Mabibi zenu hawakuishia pale walipoishia kwa sababu walichoka kuchimba, waliishia pale maji yalipokuwa matamu.

Na chumvi ikishaingia haitoki kwa kusali wala kwa pampu nyingine, inasubiri mvua nyingi za miaka. Kile kisima cha bibi yangu hakikufa kwa takataka, kilikufa hivo. Jirani mmoja alichimba chake hatua chache tu akaweka mashine akawa anavuta mchana kutwa kujaza matenki ya kuuza, msimu wa tatu wa kiangazi chai ya bibi ikaanza kukatika maziwa, mwanzo tukadhani ni maziwa. Mpaka leo yale maji wanachanganyia simenti tu.

Kwaiyo kazi yenu ni kufukua, sio kuchimba. Toeni matope, mawe, chupa, mkifika kwenye mchanga msafi au mwamba wa zamani simameni hapo. Na msivute kwa mashine ya nguvu. Ndoo na kapi, au pampu ya mkono, inatosha, mana inampa mtu kiasi na kisima kinapata muda wa kujaa. Wekeni mtu mmoja awe anapima, kamba yenye fundo kila nusu mita, asubuhi na jioni maji yako fundo la ngapi, anaandika kwenye daftari, na anaonja. Ulimi unatambua chumvi mapema sana. Mkiona jioni maji hayarudi fundo la asubuhi, punguzeni.

Wakati wa kufanya kazi ni mwisho wa kaskazi, mwezi wa pili kuingia wa tatu kabla masika haijafungua, mana hapo ndo maji yako chini kabisa na mtaona ukuta wote. Mkianza mwezi wa tano mtakuwa mnateka maji ya mvua kutwa na hamtaona kitu.

Alafu kuingia ndani. Mwanangu hili nakuandikia kama vile wewe ni mwanangu wa kumzaa. Kisima kilichokaa miaka bila kuguswa, majani na uchafu unaoza chini, hewa nzuri inaisha na hewa nzito inakaa kule chini kama maji yasiyoonekana. Kijana anashuka mzima anaongea, mara kimya. Mwenzake anaruka kumsaidia, naye kimya. Habari hizi tunazisikia mara kwa mara, kisima kimoja watu wawili, watatu, ndugu wa tumbo moja. Kwaiyo kwanza kiacheni wazi siku kadhaa. Kabla ya mtu kushuka teremsheni taa ya chemli inayowaka mpaka chini, ikizimika hakuna kushuka. Teremsheni matawi yenye majani au ndoo tupu mkiishusha na kuipandisha kwa kasi mara nyingi kuchanganya hewa, mjaribu tena taa. Anayeshuka afungwe kamba kifuani na chini ya makwapa, juu wawe watu wazima watatu wenye nguvu ambao kazi yao ni hiyo kamba tu, sio simu, na wawe wanamwita kila dakika. Asipoitika wanavuta, hakuna anayemfuata chini.

Na ile pampu yenu ya petroli isiteremshwe ndani ya kisima wala isiwekwe mdomoni, hata kwa dakika tano, hata kwa kutoa matope tu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi na ile taa ya chemli haitakwambia kitu, itawaka vizuri huku mtu anakufa. Kama mmeazima mashine basi ikae mbali na upepo uwe unaupeleka moshi upande mwingine. Mimi ningesema msiitumie kabisa, ndoo za matope zinatoka kwa mikono, watu mnao.

Ukuta sasa. Kwanza kabla hamjang'oa hata jiwe moja ulizieni umri wa hicho kisima. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na kisima ambacho bibi wa bibi yako alikikuta kinaweza kabisa kuwa humo, tena nyie mko jirani na magofu ya Tongoni. Pelekeni taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri awafikishie watu wa Mambo ya Kale. Msiogope, hawaji kuwanyang'anya, na wanaweza wakawapa fundi anayejua. Mana fundi asiyejua atawapakia simenti, inaonekana nzuri mwaka wa kwanza, alafu inazuia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, mawe yanaanza kumung'unyika nyuma ya plasta wala hamuoni mpaka siku kipande kinadondoka. Mawe ya matumbawe yanataka chokaa na mchanga kama yalivyojengwa. Na ule mti uliota ukutani msiuvute! Ukateni, mizizi iacheni ife yenyewe, fundi ataitoa kidogo kidogo akijaza chokaa, ukiivuta unaondoka na ukuta.

Simenti ina mahali pake, juu. Ukingo wa kuzunguka mdomo ufike kiunoni mtoto asichungulie akadondoka, mfuniko, sakafu pana ya kuzunguka iliyoinama kidogo ili maji yanayomwagika yakimbilie kwenye mfereji, na mfereji upeleke mbali, mwisho wake pandeni migomba ile maji. Vyoo visiwe karibu ya mita 30. Kama kuna choo cha mtu ndani ya hapo msimtukane, kaeni naye mumsaidie kuchimba kingine, hiyo iingie kwenye bajeti yenu ya mchango.

Mkimaliza kufukua na kujenga mnatia dawa. Bwana afya wa kata atawasaidia ila ujue hesabu mwenyewe usije ukadanganywa. Pima upana wa kisima, gawa kwa mbili, hiyo jibu izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa kina cha maji. Mfano kisima chenye upana wa mita 1.5 na maji ya mita 2, ni 0.75 mara 0.75 mara 3.14 mara 2, inakuja kama mita za ujazo 3.5, yani lita 3,500. Kwa maji hayo unataka klorini ya unga ile ya asilimia 70 kama gramu 250, robo kilo. Ikorogwe kwanza kwenye ndoo ya maji, nje, penye upepo, mtu kavaa glavu, alafu mimina na mwagia na kuta pia. Funikeni usiku kucha, msichote kabisa, wala asiingie mtu. Kesho yake teka mwaga, teka mwaga, mpaka harufu ya dawa iishe. Baada ya hapo chupa moja ipelekwe ikapimwe maabara kabla mtu hajanywa. Na ya kunywa mchemshe tu, kisima cha wazi ni kisima cha wazi.

Sasa huyo baba wa nyumba ya wageni. Mimi simuoni mtu mbaya, ana shida ya maji kama nyie na ana pesa. Ila anachowaambia ukikikunjua ni kwamba anataka kununua kisima cha mabibi zenu kwa bei ya kukisafisha. Leo bomba lake la nusu inchi, kesho wageni wameongezeka anaweka mashine kubwa, na chumvi ikija haitamchagua yeye peke yake, yeye atanunua boza la maji na nyie mtarudi kwa mikokoteni. Mwambieni hivi, kwa adabu na mbele ya watu: baba tunashukuru, mchango wako tunaupokea kama mchango wa yeyote, jina lako litaandikwa na kiasi chako, na maji utachota kwa ndoo kama sisi. Akikasirika basi. Akikubali mtakuwa mmepata mtu mzuri.

Lakini msimjibu kwenye grupu la WhatsApp, wala wewe usimjibu peke yako. Ipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mana huko ndo kila mtu mzima ana sauti na muhtasari unaandikwa na kupigwa muhuri. Hapohapo mpitishe utaratibu wa kisima, saa za kuchota, hakuna mashine, hakuna kufua, faini yake, na kijiji kiutungie sheria ndogo ipelekwe halmashauri ikaidhinishwe, ili hata akija mwenyekiti mwingine asiweze kukigawa. Ofisi ya RUWASA ya wilaya waambieni pia, tangu sheria ya maji ya 2019 wao ndo wanaosimamia maji ya vijijini na vyombo vya kijamii vinavyoyaendesha, na wenye kusimamia maji ya ardhini upande wetu ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, hao wana vipimo vya chumvi vya kweli kuliko ulimi.

Na kitu kimoja ambacho kwenye barua yako sikukiona kabisa. Umeniambia vijana wanataka hivi, wazee wanataka vile, baba fulani kasema hivi. Kina mama umewataja mara moja tu, kwamba wanahangaika. Wao wanasemaje? Mana wao ndo wanaojua kisima kinajaa saa ngapi, mwezi gani kinapungua, nani anachota madumu kumi na nani mawili. Kisima chenu kilipoachwa hakikukosa maji mwanangu, kilikosa wale waliokuwa wanakifagia kila asubuhi, na hao walikuwa wanawake. Daftari la fundo na ufunguo wa mfuniko ukae kwa wao. Kama kamati ni ya watu saba basi wanne wawe kina mama wanaochota, sio wanaokaa mkutanoni kuitikia. Mimi kisima kilichofufuliwa bila hilo nampa miaka miwili yule aliyekifufua kuanza kuchanga tena.

SWALI: Shangazi habari za kazi. Mimi ni mkulima huku milimani upande wa Amani, Muheza. Tuna chemchemi tuliyorithi, inashuka mpaka kwenye vijito vya Zigi. Jirani yangu kapanda mikaratusi pembezoni kabisa na sasa kiangazi maji yanakuja uzi tu. Nikimwambia anasema shamba lake. Nifanyeje bila ugomvi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Anza na kujua kwamba ile mikaratusi ni akiba yake, ndo ada ya shule ya watoto, kwaiyo ukienda na maneno ya ng'oa utarudi na ugomvi. Mwende wazee wawili watatu mkubaliane avune mwenyewe, auze nguzo zake mwenyewe, na asipande tena hapo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hicho ndo kipimo utakachomsikia nacho afisa wa maji, ila hicho kitunze mfukoni mpaka maneno mazuri yashindikane.

Isikatwe yote siku moja mana huko ni mteremko, udongo utashuka wote kwenye chemchemi. Kateni kwa awamu, machipukizi ya visiki myaondoe kila yakija mana mkaratusi hausahau kuota, na katikati pandeni mikuyu na miti yenu ya asili. Kabla ya panga pitieni kwa afisa misitu mpate kibali. Na tafuteni wenzenu wa UWAMAKIZI, wakulima wa Kihuhwi na Zigi waliojiunga kulinda vyanzo, wanashirikiana na mamlaka ya maji ya Tanga kwa sababu maji yenu hayo ndo yanaingia bwawa la Mabayani na sisi wa mjini tunayanywa. Sisi wa Ngamiani tuna deni kwenu, na nalisema hilo nikijua.

SWALI: Shangazi mimi niko Bagamoyo. Nina wageni wanakuja sikukuu nataka niwapeleke kwenye magofu ya Kaole. Kile kisima karibu na bahari kweli maji yake ni matamu, na mtu anaweza kunywa?

JIBU: Ni matamu kweli, na sababu ndo hiyo niliyomwambia msichana wa njia ya Pangani hapo juu, mvua inazama ardhini na kuisukuma bahari nyuma. Walioujenga ule msikiti wa karne ya 13 hapo walijua wanajenga karibu na nini. Watu wengi wanayachukua kwa baraka, usiwakataze wageni wako. Wachote, wanawe uso, ya kunywa waende wakachemshe kwanza.